Kihisi cha sukari kwenye joto la Lindi: tunavyokifikisha siku ya 14

Mama ana kisukari, anachoma insulini, na kihisi chake, kile kifaa kidogo kinachobandikwa ngozini kupima sukari, anakivaa nyuma ya mkono wa juu. Siku hizi kinamaliza siku zake 14 bila kubanduka, Lindi hii hii ya jasho. Waliotuambia ni vitu vya nchi za baridi waje waone.

Achaneni kabisa na ushauri wa friza. Muuzaji mmoja alitaka tugandishe vihisi vipya ili vidumu. Kiuzi kinachoingia chini ya ngozi, kama milimita 5, kina kimeng'enya kinachofanya kazi na sukari na kutoa umeme mdogo unaopimwa. Barafu inakiharibu, joto nalo vilevile. Aina yetu hutunzwa nyuzi 4 hadi 25, kwa hiyo nakiweka kwenye mlango wa friji ndani ya kopo lenye mfuniko, nakitoa mapema kabla ya kumvisha.

Kazi ilikuwa kwenye gundi. Plasta ya kawaida iliyopachikwa juu yake ililoa, na siku ya kuibadilisha ikang'oka na kihisi chenyewe, laki na kitu imekwenda. Bandeji ya kuzungusha iliteleza hadi kwenye kiwiko. Kumbe mchezo uko kwenye ngozi, kabla hata hujafungua boksi. Mafuta ya nazi mkono ule marufuku tangu jana yake. Nyoa vinyweleo, osha kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, kausha, mkalishe mbele ya feni mpaka jasho likate. Hapo ndipo unapaka spiriti, na unaiacha ikauke yenyewe. Ukishabandika, kandamiza pembeni kwa kidole ukizunguka. Juu yake weka ile plasta ya kuvutika ya wachezaji mpira, pembe zake umezikata mviringo, maana pembe kali ndiyo inayonaswa na nguo. Itoboe katikati, usizibe kitundu cha kihisi.

Kusoma kwa NFC, yaani kusogeza simu karibu na kihisi, hakuli bando. Toa kava nene, telezesha simu taratibu hadi itetemeke. Kumbukumbu ya kihisi ni saa 8 tu, kwa hiyo soma kabla ya kulala na mara tu mkiamka, la sivyo namba za mwanzo zinafutika.

Kengele ya sukari kushuka inapita kwenye Bluetooth, kama mita 6 pasipo kizuizi. Mwili una maji mengi na maji hunyonya mawimbi hayo, hivyo simu ilale upande wa mkono wenye kihisi. Akiulalia mkono wenyewe, majimaji chini ya ngozi yanabanwa na namba inashuka kwa uongo. Kihisi pia kinachelewa dakika 5 hadi 10 nyuma ya damu. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L na yeye hana dalili, mgeuze, mchome kidole uhakikishe. Akiwa anatetemeka au jasho linamtoka, mpe sukari kwanza.

Vitamini C zaidi ya miligramu 500 kwa siku hupandisha namba za aina hii kwa uongo, na insulini ikichomwa kwa namba hiyo inaweza kumshusha sukari kupita kiasi. Vidonge vya mafua vikaguliwe.