Pantoni na refa hawana undugu

Refa tunayemtukana kila Simba na Yanga wakikutana, ofa ya bia anayokupa mshkaji mwisho wa mwezi, na transfa ya mwalimu anayehamishwa mkoa, vyote baba yao ni kitenzi kimoja cha Kilatini, ferre, yani kubeba. Vimepita kwa Mwingereza kwanza ndo vikatufikia. Refa kwa mfano ni mtu ambaye ubishi ukizuka unarudishwa kwake aamue.

Sasa ferre yenyewe imetoka wapi? Hapo ndo pananoga. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, bharati, anabeba. Kigiriki phero, nabeba. Kiingereza bear, na hiyo hawakukopa kwa Warumi, ni yao ya kuzaliwa. Mwaka 1786 William Jones, jaji Mwingereza aliyekuwa India, alisimama Calcutta akasema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zimefanana kupita kiasi, lazima zina asili moja ambayo huenda haipo tena. Na kweli lugha hiyo haijaacha hata mstari mmoja wa maandishi, wataalamu wanaijenga upya kwa kulinganisha watoto wake, ndo maana mzizi wanauandika *bher-, hiyo nyota ya mbele maana yake hakuna aliyewahi kuukuta umeandikwa popote.

Ninachokipenda mimi ni kwamba hawabahatishi. Ile bh ya mwanzo wa neno Kilatini ikawa f, Kigiriki ph, Kiingereza b, jaribu kwa neno kaka uone: bhrata, frater, brother. Haichezi.

Kwa hiyo mtu akikwambia jina la pale Feri, kivuko cha Dar, limetoka kwenye ferre kisa pantoni linabeba watu kwenda Kigamboni, mkatalie tu. Feri ni ferry ya Kiingereza, na f ya mwanzo kwenye maneno ya asili ya Kiingereza kwa kawaida ilikuwa p huko nyuma, kama father na pater, so ndugu zake wa Kilatini katafute kwenye p. Utamkuta portus, bandari, na portare ambayo nayo, jamani, ni kubeba! Yani pantoni lina undugu na pasipoti na ripoti ya ofisini, kwa refa halimo kabisa.

Na kabla hujaniuliza rufaa, na yenyewe haimo. Inafanana na refa hadi inatia mashaka, ila hiyo ni ya Kiarabu, inatokana na kuinua, kesi unaipandisha juu.