Siku moja maishani mwangu: kipimamvua, chupa ya mtoto na biti tatu zilizopotea

Saa 11:20 alfajiri. Mvua inapiga bati, na mimi nimeshaamka. Nikisikia mvua silali tena. Nabaki nikihesabu imeanza saa ngapi na inatokea upande gani. Naishi Moshi, ni mtaalamu wa haidrolojia, na riziki yangu ni takwimu za mvua na mito ya bonde la Pangani. Maji yanashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, yanapita mito ya Kikuletwa na Ruvu, yanakutana bwawani Nyumba ya Mungu, kisha yanaendelea hadi Hale kuzungusha mitambo ya umeme. Msituni, upande wa kusini wa mlima, mvua ya mwaka hupita 2,000 mm. Ukishuka hadi bwawani, ni kama 500 tu. Mwendo wa saa chache kwa gari, na ni kana kwamba umebadilisha nchi.

Saa 12:30 asubuhi. Chai ya rangi, kompyuta mezani. Jana usiku niliacha jambo linalonisumbua. Kituo kimoja juu Kibosho, ambacho msomaji wake ni mwalimu mstaafu wa hisabati, kimebadilika tabia. Jumla za mwezi ziko sawa, na siku za mvua zinalingana na za majirani. Kilichobadilika ni tarakimu ya mwisho.

Tunasoma mvua hadi sehemu ya kumi ya milimita: 3.7, 12.2, 8.9. Mvua haina upendeleo kwenye tarakimu hiyo ya mwisho. Kwa miaka mingi, kuanzia 0 hadi 9, kila moja hupata zamu yake karibu sawa na nyingine. Hapo ndipo ninapotumia entropia, yaani kipimo cha shaka. Unachukua uwezekano wa kila tokeo, unauzidisha kwa logi yake ya kizio cha 2, unajumlisha yote, unageuza alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha. Jibu linakuja kwa biti, nalo linakwambia ulikuwa na shaka kiasi gani kabla ya kuona matokeo. Sarafu isiyo na hila ina biti 1. Tarakimu kumi zenye nafasi sawa zina biti 3.32. Daftari la Mwalimu lilikuwa likicheza karibu na 3.3 miaka yote. Miezi miwili iliyopita limeporomoka hadi chini ya 1, kwa sababu kila kipimo kinaishia na .0 au .5.

Jina entropia liliundwa na Rudolf Clausius mwaka 1865, akishughulika na joto. Claude Shannon wa Bell Labs ndiye aliyetupa kipimo hiki cha habari mwaka 1948, akiwaza ujumbe unaopita kwenye nyaya. Sidhani kama aliwaza wasoma mvua wa Kibosho, lakini hesabu yake haiulizi imetumwa wapi. Ukiipa orodha ya uwezekano, inakujibu.

Saa 1:45. Bodaboda. Mkobani nimebeba glasi mpya ya kupimia, kwa tahadhari tu. Mwenzangu ofisini alishanong'ona jana kwamba Mwalimu, mama wa watu, amechoka, anakaa jikoni anabuni namba. Wabunifu wa namba wapo, sitakataa, na .0 na .5 nyingi ni dalili ya kwanza tunayoitafuta. Hata hivyo nilitaka kumwona kwanza.

Saa 2:50. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu, umekuja na mvua." Kipimamvua kiko kwenye uwazi katikati ya kihamba, shamba la nyumbani, mbali na migomba, kimenyooka, nyasi zimefyekwa. Mtu aliyechoka hafyeki nyasi.

Saa 3:00 kamili. Ndiyo saa ya kusoma, kila siku ya mwaka. Mwalimu anafungua kipimamvua, anatoa chupa ya ndani, na badala ya glasi anachukua chupa ya kunyonyeshea mtoto, ya mjukuu wake, yenye mistari ya mililita kumi kumi.

Glasi ilipasuka. Alitoa taarifa kwa aliyepita kukusanya madaftari, na haikufika popote. Basi akakaa chini akapiga hesabu: mdomo wa kipimamvua una kipenyo cha 127 mm, kwa hiyo milimita 1 ya mvua ni mililita 12.7 za maji. Amekuwa akipima kwa chupa ya mtoto na kugawanya, miezi miwili, bila kukosa siku hata moja.

"Sasa mbona unaandika nusu nusu, Mwalimu?"

"Mstari mmoja wa chupa hii ni karibu milimita 0.8 ya mvua. Niandike 3.9 wakati chupa haioni 3.9? Huo ungekuwa uongo, mwanangu."

Nilikaa kimya. Yeye hakuwahi kusikia neno entropia, lakini alikuwa ameieleza. Hatua ya kipimo imepanuka kutoka 0.1 hadi 0.8, mara nane. Logi ya 8 kwa kizio cha 2 ni 3. Kila asubuhi, glasi ile iliyopasuka ilikuwa ikituibia biti 3, naye amekataa kuzijaza kwa kubuni. Mbunifu mjanja angeandika 3.9, 4.3, 7.1, entropia yake ingebaki juu, na mimi nisingejua lolote.

Tulipima ya leo mara mbili. Chupa: kati ya 140 na 150, yeye angeandika 11.5. Glasi mpya: 10 kamili, kisha 1.6. Akaandika 11.6 kwa wino. Nikanywa mtori kabla ya kuondoka. Hakuna anayetoka kwake bila kula.

Saa 6:30 mchana. Ofisini. Barua pepe, jedwali la mtiririko wa Kikuletwa, chakula. Hapa hakuna cha kusimulia.

Saa 8:00. Kikao. Fedha za vituo hazitoshi, lazima vichache vifungwe, na swali ni vipi. Kijana wa mafunzo kwa vitendo akauliza, "Kaka, si tufunge vile vyenye mvua kidogo?" Hapana. Kituo hatukiweki kwa wingi wa maji yake, tunakiweka kwa shaka kinayotuondolea. Mahali panaponyesha siku 8 kati ya 10, entropia ya "itanyesha au haitanyesha" ni biti 0.72. Panaponyesha siku 5 kati ya 10, ni biti 1 nzima. Ndiyo maana mwanzo wa vuli hututia wasiwasi kuliko katikati ya masika.

Nikachora ubaoni. Tuseme vituo A na B viko jirani, kila kimoja kina biti 1.6, na vyote pamoja vina 1.9. Wanashirikiana 1.3. Ukishakuwa na A, B anakuongezea 0.3 tu. Kituo C cha tambarare, chenye biti 1.2 peke yake, kinaweza kukuongezea karibu zote, kwa sababu hakifanani na yeyote. C ndiye wa kulinda. Amorocho na Espildora walipeleka entropia kwenye haidrolojia mwaka 1973, na tangu hapo njia hii imetumika sana kupanga mitandao ya vipimamvua.

Orodha ya vituo vya kulinda iliyotolewa na programu iliweka juu kabisa kituo kimoja cha kujiendesha, kile chenye kindoo kinachopinduka. Entropia kubwa, hakifanani na jirani yeyote. Nikaomba tuone picha za ukaguzi wa mwisho: majani yameziba tundu. Maji yanatuama, kisha yanapenya siku ambazo hakuna mvua. Kelele, yaani namba za ovyo zisizotokana na mvua, nayo ina biti nyingi, na hesabu haiwezi kuitenganisha na habari. Lazima mtu apande mlima akaangalie. Kituo cha Mwalimu kilikuwa kwenye orodha ya vituo vya kufungwa. Nikasimulia chupa ya mtoto. Kimeondolewa.

Saa 11:15 jioni. Fomu ya kuomba glasi za akiba, moja kwa kila msomaji. Nimeiandika mara tatu ili isikataliwe.

Saa 3:10 usiku. Ujumbe wa Mwalimu: "Zile siku za chupa, nizisahihishe?" Nikamjibu aziache kama zilivyo, ila pembeni ya kila moja aandike 0.5 juu na chini. Akanijibu kwamba ameshafanya hivyo tangu siku ya kwanza, kwa penseli, nyuma ya ukurasa.