Kabati la mama limeondoka na guta

Saa sita usiku hii na yule mama aliyenunua kabati la marehemu mama yangu bado ananisemesha kichwani. "Dada'angu, hili nakusaidia tu kulitoa ndani, si unahama? Elfu 40."

Na mimi nikasema chukua.

Yaani ndo kinachoniuma, wala siyo bei, ni ile chukua yangu. Nilishataja laki na nusu, kabati la mninga jamani, droo mbili chini vioo juu, mama alilitoa kwa fundi mwaka 1994 zamu yake ya upatu ilipofika na Idi ile sisi tukavaa nguo za mwaka wa nyuma. Yule mama kalifungua, mlango ukalia kama kawaida yake, akapitisha kidole kwenye rafu, akakitazama kile kidole, akakifuta kwenye mtandio. Halafu ndo hilo neno la kunisaidia. Si ningesema hapana mama, haliondoki kwa bei hiyo. Hata ningesema ngoja nimuulize kaka. Jibu nimelipata guta limeshakata kona ya barabara ya 12.

Mnajua tulikotoka. Mirathi imeisha kwa amani alhamdulillah, kaka mafungu mawili, mimi na mdogo wangu wa Muscat moja moja, nyumba imepata mpangaji, barua yangu ya uhamisho Dodoma imetoka Jumanne. Kule nimepata vyumba viwili tu, na Fuso kutoka hapa Tanga mpaka ipite Chalinze na Morogoro ndo ufike, gharama yake inazidi hata vitu vyenyewe, basi tukakubaliana niuze mwenyewe, dalali tulimkataa maana alitaka aje na wateja wake na bei zake. Nikaweka picha stetasi, nikabandika bei kwa plasta kitu kimoja kimoja, nikapanga kuanzia ukumbini mpaka barazani. Jumamosi saa mbili asubuhi watu tele. Masufuria ya shughuli yameisha kabla ya saa nne, madeli ya maji, pasi ya mkaa, vyote. Kanga sijauza hata doti moja, wala msiniulize.

Ila kabati. Mlango wa kushoto, kwa ndani, mama alikuwa anaandika madeni ya vitumbua kwa penseli, vijistari vinne kimoja kimekatiza, jina pembeni, mtu akilipa analowesha kidole mate anafuta. Wawili walikuwa hawajafutwa. Sikupiga picha. Ninayo ya mbele, ile ya kuuzia, vioo vinang'aa. Ya ndani sina.

Magharibi inakaribia nataka kufunga, wakaja binti na mumewe, bado wageni kabisa kwenye ndoa, wanatafuta mbuzi ya kukunia nazi. Nikawatolea ya mama. Yule binti bei hakuuliza, akaikalia palepale barazani, miguu upande, akazungusha mikono kama ana kifuu, mara mbili tatu. "Hii imeshakaa shangazi, haichezi." Na kweli haichezi, ubao wenyewe umebonyea kwa kukaliwa na mtu mmoja miaka yote ile. Nikawaambia leteni elfu 5, na kifumbu chukueni tu. Chukua hiyo ilinitoka moyo mweupe kabisa. Wakapanda bodaboda, mbuzi kaipakata kama mtoto mchanga, mimi nikabaki nafagia baraza nacheka peke yangu. Jumatatu inshallah nitapita kwa yule mama, kabati silidai, limeshakuwa lake, namuomba tu anifungulie mlango wa kushoto dakika moja nipige picha. Mungu ajalie awe hajalisugua.

Haya, nilitaka kulala lakini kuna wifi. Mimba ya miezi 8 na leo wakati anaondoka nimeona kandambili zimemkata miguu, imevimba mpaka vifundoni, kichwa nacho kinamgonga tangu juzi anasema ni joto la Tanga tu. Nimemwambia kesho asubuhi na mapema aende kliniki apimwe presha, akaitikia "sawa wifi" kwa sauti ile ya kutaka niache kuongea. Kaka yuko safari. Nimempigia sasa hivi, simu inaita tu haipokelewi.