Shangazi aliponiuliza kwa nini nimemtia kaka yake moshi

Nilikuwa na lenzi mpya ya milimita 50, na kwa miezi miwili sikuitoa kwenye f/1.8, yaani tundu la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa; namba ya f ikikua, tundu hupungua. Nyuma ya mtu kunayeyuka, taa zinageuka viduara vya rangi, nami najiona fundi. Ikaja harusi ya binamu yangu, Tanga. Jioni, chini ya mwembe, nikaupanga ukoo mistari mitatu, nikasimama kama mita 5, nikafokasi kwenye jicho la bi harusi aliyeketi mbele. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila mtu alionekana safi.

Kompyuta ndiyo iliyoniumbua. Bi harusi, hadi michoro ya piko inahesabika. Mstari wa pili umelegea. Wa tatu, ukungu mtupu.

“Mwanangu, huyu kaka yangu mbona umemtia moshi?” Nikasema samahani shangazi, basi. Ningejibu nini?

Wiki ile nilipanga chupa tatu za soda mezani, moja nyuma ya nyingine, zikiachana sentimita 20, na futi ya fundi cherehani pembeni. Kamera mita 2 kutoka chupa ya katikati. Kwa f/1.8 palipotoka safi ni kama sentimita 11 tu, kwa hiyo chupa ya mbele na ya nyuma hazikusomeka. Kwa f/8 nikasoma lebo zote tatu. Tundu la lenzi likiwa kubwa, mwanga wa nukta moja huingia kwa upana, kwa umbo la pia, ile wanayozungusha watoto. Nukta ikiwa nje kidogo ya fokasi, inatua kama duara badala ya kitone. Ukilibana tundu, pia hiyo inakonda, na lile duara linakuwa dogo hata jicho halilioni.

Nikasogea hadi mita 4, tundu lilelile la f/8: usafi ukapanuka kutoka nusu mita hadi kama mita 2. Hapo nilicheka peke yangu, maana kurudi nyuma ni bure.

Kubana tundu si bure. Kutoka 1.8 hadi 8 unapoteza mwanga karibu mara 20. Nilijaribu na f/22 kwa tamaa, picha nzima ikapungua ukali, kwa sababu mwanga huchepuka ukipita kwenye tundu dogo mno.

Mwaka uliofuata, akika ya mtoto wa maharusi wale, mwembe uleule. f/8, ISO 400 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), shata 1/125 (mwanga unaingia kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde), mita 5, fokasi kwenye mstari wa pili. Ningefokasi wa mbele, usafi wa zaidi ya mita nzima ungepotelea kwenye mchanga mbele ya miguu yao.

Shangazi aliivuta picha kwenye simu, akapita uso kwa uso mpaka mstari wa nyuma.

“Leo hata kipara chake kinang’aa,” akasema, akaituma kwenye grupu la ukoo.