Mnaokwenda Pemba, msiukimbie msitu wa Ngezi jioni

Bundi wa Pemba haishi kwingine kokote duniani, na huanza kulia giza likishaingia. Wengi humkosa kwa sababu saa kumi na moja wameshaondoka msituni. Elewana mapema na mwongozaji, na usafiri wa kurudi pia. Usitegemee daladala usiku. Tochi iwe hafifu, usimmulike machoni. Mchana tafuta mpapindi, mti wa jamii ya minazi, wenye asili ya Pemba tu.

Popo wakubwa, mabawa karibu mita 1.6, waoneni Kidike, hukohuko Pemba, wakiwa wamening'inia. Kuwapigia makofi waruke mpate picha ni ushamba: wanachoka bure, na joto lile!

Kusi likivuma, Juni hadi Septemba, mkondo wa Pemba huchafuka. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda boti.