Mtihani mmoja kwa watoto wa nchi nzima

Nafundisha hisabati darasa la saba katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, na kila mwaka huutetea mtihani wa taifa mbele ya wazazi. Mtoto wa mvuvi wa dagaa hapa hufanya karatasi ileile anayoifanya mtoto wa Dar es Salaam, akitambulika kwa namba tu, bila yeyote kuuliza baba yake ni nani. Kwa familia isiyo na mtu wa kuisemea, hiyo ni haki kubwa.

Hata hivyo, tangu maswali ya kuchagua majibu ya mtihani huo yalipoanza kusahihishwa kwa kompyuta mwaka 2012, kuna jambo linaloniumiza. Katika jaribio la hivi karibuni, msichana hodari wa hesabu aliandika pembeni mwa karatasi hatua zote za swali la sehemu, akapata kigawe kidogo cha shirika bila shida, akateleza kwenye kutoa tu, kisha akatia weusi herufi isiyo sahihi. Mwenzake aliyebahatisha alipata. Hatua zile hazikuhesabiwa popote.

Nilifurahi Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, kwani mashindano yale yaligeuza madarasa kuwa mahali pa kukaririsha maswali ya miaka iliyopita. Ninachokiomba sasa ni nafasi zaidi ya mtoto kuonyesha njia aliyoipita, hasa kwenye hisabati.