Siku moja ya mkamata nyoka Tabora, Julai

Saa 12 asubuhi. Kipupwe hakina masihara. Naota mkaa, nakagua fimbo ya ndoano na ndoo yenye mfuniko. Miezi hii simu hazilii mapema. Nyoka naye anangoja jua.

Saa 3. Ipuli. Kifutu kajilaza juu ya rundo la matofali. Kaingia ndooni bila ubishi, baridi imemlegeza. Mama mwenye nyumba kaja na chai ya asali na swali: "Baba, si ndio wamelala huko chini, wanapandana?"

Nikacheka. Wetu hawalali miezi, mama, wanapunguza mwendo tu. Wanaolala kwelikweli wako mbali, Manitoba, Kanada, karibu na Narcisse. Nyoka wembamba wenye mistari, maelfu kwa maelfu, hujazana kwenye mashimo ya mawe ya chokaa, chini kusikofika barafu. Theluji ikiyeyuka, madume hutoka kwanza na kukaa mlangoni kama wapagazi wa stesheni wakingoja treni ya Kigoma. Jike akichungulia tu, wanamzonga kwa makumi, wanakuwa donge moja. Tena kuna madume wanaonuka kijike! Wenzao wanawakumbatia, nao wanajiotea joto la bure.

Ila kinachonishangaza mimi ni kwamba dume yule asipopitia baridi ndefu, kisha joto, hatongozi kabisa. Usingizi ndio unaomwandaa.

"Na mayai ya huyu yako wapi?" Hana, mama. Kifutu huzaa watoto hai.

Saa 7. Wali maharage. Kijana wa bodaboda kanionyesha video: koboko wawili wamesokotana, vichwa juu. "Mzee, ona mahaba." Mahaba gani? Hao ni madume, wanapigana mieleka.

Saa 9. Porini. Ukimwachia nyoka jioni ya baridi hajiwezi, ndiyo maana nawahi. Nikainamisha ndoo, akabaki pale kama gunia. Nikakaa kwenye kisiki, mbali. Robo saa nzima! Kisha akaanza kujiburuta kama kiwavi, mwili umenyooka, akapotelea nyasini.

Saa 2 usiku. Simu, yule mama wa Ipuli.

"Baba, yule alikuwa dume au jike?"

"Mkia ulikuwa mfupi, mama. Nadhani jike."

Kimya.

"Basi kesho njoo unipekulie yale matofali yote."